Saratani ya Matiti: Mbegu Haioti Bila Udongo

Na Daktari Wetu

Asubuhi moja mama mmoja mkulima kutoka Asembo Bay, mwenye umri wa miaka 51, aliingia katika chumba changu cha kuwaonea wagonjwa mjini Kisumu. Alikuwa amepanda matatu ya kwanza alfajiri ili awahi foleni. Katika titi lake la kushoto mlikuwa na donge gumu lenye ukubwa wa ndimu, na alikuwa amelijua donge hilo kwa muda wa miezi minane.

Nilipomweleza kwamba ni lazima kipande kidogo cha nyama ya donge hilo kichukuliwe kikapimwe, alikataa kwa upole.

"Daktari, mimi sikuja kukatwa," alisema. "Dada yangu alikatwa titi. Akapata nafuu, akalima, akauza samaki kwa miaka sita. Halafu ugonjwa ukamtokea mgongoni, kwenye mifupa. Kama titi lilikwisha kutupwa, huo ugonjwa ulitoka wapi? Si kile kisu ndicho kilichoutawanya?"

Mpenzi msomaji, swali hilo nimelisikia mara nyingi, si kutoka kwa wakulima peke yao, bali pia kutoka kwa walimu, makarani na wafanyabiashara wa mjini. Wala si swali la kijinga. Ni swali ambalo madaktari wakubwa wamejiuliza kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lake limebadili namna ugonjwa huu unavyotibiwa. Makala ya wiki hii inajaribu kulijibu.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 peke yake wagonjwa wapya wa saratani ya matiti nchini Kenya walikuwa karibu 6,800, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa karibu 3,100. Wengi wao hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na hofu ya kisu ni mojawapo ya sababu.

TITI LIMEJENGWA VIPI?

Ndani ya titi mna vifuko vidogo vidogo vinavyotengeneza maziwa, na mirija inayoyapeleka maziwa hayo kwenye chuchu. Saratani nyingi za titi huanzia katika seli, yaani chembe hai, zilizotanda ndani ya mirija na vifuko hivyo.

Lakini mirija na vifuko ni sehemu ndogo tu ya titi. Sehemu kubwa ni mafuta, nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni, mishipa ya damu, mishipa ya limfu, seli za kinga, na seli ambazo kazi yake ni kufuma na kukarabati nyuzi hizo. Vitu hivi vyote kwa pamoja ndivyo tunavyoviita tishu za kuzunguka.

Baina ya mirija na tishu hizo upo utando mwembamba sana, mfano wa ua unaozunguka boma. Seli mbovu zikiwa bado ndani ya ua huo, ugonjwa hauwezi kusafiri, na mgonjwa akitibiwa wakati huo karibu kila mara hupona. Zikishauvunja ua na kuingia katika tishu za nje, ndipo hatari ya kuenea inapoanza.

Kwa muda mrefu wataalamu waliziona tishu hizi za kuzunguka kama matandiko tu, yaani kitu kisicho na kazi ila kushikilia mirija mahali pake. Siku hizi twajua kwamba sivyo. Tishu hizo huweza kuizuia saratani isikue, na huweza pia kuilisha na kuifungulia njia.

DAKTARI WA LONDON NA WANAWAKE 735

Mtu wa kwanza kulitazama jambo hili kwa makini alikuwa daktari mpasuaji wa London aitwaye Stephen Paget. Mwaka 1889 alichapisha makala katika jarida la The Lancet baada ya kupitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokuwa wamekufa kwa saratani ya matiti.

Enzi hizo madaktari wengi waliamini kwamba seli za saratani huchukuliwa na damu kama takataka zinavyochukuliwa na mto, na kwamba hukwama popote zinapofikishwa. Kama ingekuwa hivyo tu, basi ini na bandama vingepaswa kushambuliwa kwa kiasi kinachokaribiana, maana vyote viwili hupata damu nyingi. Paget alikuta saratani katika maini ya wanawake 241, lakini katika bandama za wanawake 17 tu.

Akafikia uamuzi kwamba seli za saratani ni kama mbegu za mmea. Mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu penye udongo unaozifaa. Kwa hiyo daktari hana budi kuchunguza mbegu, na achunguze udongo pia.

Fikra hiyo ilikaa karibu miaka 90 bila kupewa uzito, mpaka majaribio ya wanyama, hasa yale ya mtaalamu Isaiah Fidler nchini Marekani, yalipoonyesha kwamba Paget alikuwa na haki.

MFANO WA KAYONGO

Mama wa Asembo hakuhitaji habari za London. Nilimuuliza habari za kayongo.

Kwa msomaji ambaye hakulima Nyanza, kayongo ni lile gugu lenye maua ya zambarau linaloshika mizizi ya mahindi na mtama na kunyonya chakula chake. Tanzania huitwa kiduha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu. Mbegu hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kuota. Huamka pale mzizi wa mahindi au mtama unapotoa kemikali fulani karibu yake. Bila ishara hiyo kutoka kwenye mzizi, hulala tu.

"Ukiling'oa kayongo lote shambani msimu huu," nilimuuliza, "msimu ujao itakuwaje?"

"Litarudi," alijibu. "Mbegu zilianguka zamani."

"Je, mama, ni jembe lako lililolileta?"

Alinyamaza kidogo. "La. Zilikuwamo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dada yake. Seli chache zilikuwa zimekwisha kutoka titini na kufika kwenye mifupa kabla ya siku ya upasuaji, zikiwa ndogo mno kuonekana kwa kipimo chochote. Kisu kiliondoa gugu lililoonekana. Mbegu zilizokwisha kuanguka mbali zilibaki zimelala, mpaka siku udongo ulipoziruhusu kuamka.

KUKU NA MAABARA

Pengine msomaji atauliza, ushahidi uko wapi kwamba udongo una nguvu kiasi hicho? Ushahidi mmoja umetoka kwa kuku.

Mwaka 1911 daktari Peyton Rous wa New York alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku ulisababishwa na virusi. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Virusi hivyo vikidungwa katika bawa la kuku, uvimbe huota upesi. Watu wakadhani basi kwamba seli ikishaingiwa na chembe za urithi za saratani, hapana kingine cha kuuliza.

Lakini mwaka 1984 mtaalamu Mina Bissell, mzaliwa wa Iran anayefanya kazi California, pamoja na mwenzake, walidunga virusi hivyo hivyo katika kiinitete cha kuku ndani ya yai. Virusi viliingia katika seli na kufanya kazi, lakini saratani haikutokea. Seli hizo zilipotolewa na kuwekwa peke yake katika chombo cha maabara, ziligeuka mara moja kuwa za saratani. Maana yake ni kwamba mpangilio wa tishu changa za kiinitete ulikuwa umezidhibiti.

Mwaka 1997 kundi la Bissell, akiwemo Valerie Weaver, lilifanya jaribio jingine kwa seli za saratani ya titi la binadamu. Zikioteshwa ndani ya ute unaofanana na tishu za kawaida za titi, seli hizi hurundikana ovyo. Wataalamu walipoziba kipokezi kimoja ambacho seli hutumia kupata habari kutoka kwa mazingira yake, ziliacha kurundikana na kujipanga kama vifuko vya kawaida. Chembe zake za urithi zilikuwa bado zina kasoro zile zile, lakini mwenendo ulikuwa umebadilika.

Haya yalikuwa majaribio ya maabara, wala asitokee mtu akawauzia wagonjwa dawa kwa jina lake. Funzo lake ni kwamba kasoro ndani ya seli ni mwanzo tu wa safari, na mazingira yana sauti katika kuamua kama safari itaendelea.

MAJIRANI WANAPOGEUKA

Wakazi wa Asembo wana mfano wao wa nguvu ya ujirani. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) pamoja na shirika la CDC la Marekani walifanya utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa katika eneo la Asembo na Gem. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba hata maboma yasiyo na vyandarua yalipata kinga, mradi yawe ndani ya mita 300 kutoka maboma yenye vyandarua. Jirani mwema alimkinga jirani yake bila hata kujua.

Katika titi lenye afya hali ni hiyo hiyo. Seli zinazokaa pamoja kwa mpangilio huambiana zisigawanyike ovyo, na seli za kinga hupita zikiziondoa zilizoharibika. Saratani inapopata nguvu, jambo la kwanza inalofanya ni kuwageuza majirani hao.

Kwanza huzigeuza seli zinazofuma nyuzi. Katika mwili wenye afya seli hizi hufanya kazi kubwa wakati wa kidonda: hufuma nyuzi za kufunga jeraha kisha hupumzika. Saratani huzitumia ishara kana kwamba pana kidonda kisichopona. Daktari Harold Dvorak wa Marekani aliueleza ufanano huo mwaka 1986. Seli hizo hufuma nyuzi bila kukoma, na ndiyo sababu donge la saratani mara nyingi huwa gumu kama jiwe mkononi. Ugumu huo nao huzisukuma seli za saratani kuvamia zaidi.

Hapa tahadhari inahitajika. Maneno hayo hayana maana kwamba kugongwa titini huleta saratani. Hakuna ushahidi wa jambo hilo kwa wanawake. Mara nyingi pigo humfanya mama ajipapase na kuligundua donge lililokuwapo tayari.

Pili, saratani huita mishipa ya damu. Mwaka 1971 daktari Judah Folkman wa Boston alieleza kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita 1 au 2 kwa upana, kiasi cha punje ya wimbi, bila kupata mishipa mipya ya kuuletea chakula na hewa. Mishipa inayojengwa kwa haraka hivyo huwa dhaifu na yenye matundu, na matundu hayo huwa milango ya seli kutorokea.

Tatu, huwarubuni askari. Zipo seli za kinga ambazo kazi yake ni kula uchafu na vijidudu. Zikiingia katika uvimbe wa saratani, nyingi hubadilishwa zikawa watumishi: hufungua njia kati ya nyuzi, hukuza mishipa, na kuzizuia seli nyingine za kinga zisishambulie. Dawa mpya za kuamsha kinga, ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2021 kwa baadhi ya wagonjwa wa mapema wa aina kali ya saratani ya titi, zinalenga kuvunja usaliti huo. Bei yake bado ni kubwa mno kwa Wakenya wengi.

KWA NINI MIFUPA?

Seli zikishatoka titini hupita katika mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za kwapani, au huingia moja kwa moja katika damu. Nyingi mno hufa njiani. Chache huweza kutua, na mahali zinapopenda kutua ni mifupa, mapafu, ini na ubongo.

Mfupa ni udongo mzuri kwa saratani ya titi kwa sababu mfupa haukai kama jiwe. Kila siku seli fulani huuvunja kidogo na nyingine huujenga upya. Ndani ya mfupa zimehifadhiwa kemikali za kukuza seli, kama mbolea iliyofukiwa. Seli ya saratani ikifika hapo hutoa ishara zinazowachochea wavunjaji. Mfupa ukivunjwa, mbolea ile hutoka na kuilisha saratani, nayo ikizidi kukua huzidisha uvunjaji. Hapo ndipo mgonjwa huanza kusikia maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, na mfupa huweza kuvunjika kwa kitu kidogo.

Kwa kuwa mzunguko huo sasa unafahamika, zipo dawa za kuimarisha mfupa, za jamii ya bisfosfoneti, ambazo hazimshambulii adui mwenyewe bali humnyima udongo. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokoma hedhi, dawa hizo zikitolewa baada ya upasuaji hupunguza kurudi kwa ugonjwa katika mifupa.

MBEGU ZILIZOLALA NA VIDONGE VYA KILA SIKU

Sasa turudi kwa dada yake yule mama. Nilipouliza zaidi, nilielezwa kwamba baada ya upasuaji alipewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano. Alivimeza mwaka mmoja, akaacha. Alijiona mzima, na fedha za nauli na dawa zilihitajika kwa karo ya watoto.

Wagonjwa wengi hufanya hivyo, na mimi siwalaumu. Ni vigumu kumeza dawa ya ugonjwa usiouona. Lakini hapa ndipo maisha mengi hupotea.

Saratani nyingi za titi hutegemea homoni ya kike iitwayo estrojeni kama kayongo linavyotegemea ishara ya mzizi. Utafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ulioongozwa na daktari Shahin Sayed na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wa Kenya waliopimwa walikuwa na saratani ya aina hiyo. Dawa ya tamoksifeni huziba kipokezi cha homoni hiyo kwenye seli, na dawa kama anastrozoli huzuia homoni isitengenezwe katika mafuta ya mwili baada ya hedhi kukoma. Kwa wanaofaa kupewa, tamoksifeni ikimezwa miaka mitano hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja.

Na kwa nini miaka mitano, au hata zaidi? Kwa sababu mbegu zilizolala hazina haraka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba saratani ya aina hii iliendelea kurudi kwa baadhi ya wanawake hadi miaka 20 tangu ilipogunduliwa mara ya kwanza.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili. Kituo cha wadudu cha ICIPE kilichoko Mbita, ng'ambo ya ghuba, kimewafundisha kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya mmea huo huzifanya mbegu za kayongo ziote lakini zishindwe kushika mahindi, na udongo nao hupata rutuba. Lakini haifanyi kazi kwa msimu mmoja. Anayeing'oa desmodiamu kwa sababu ameona shamba ni safi, hupanda tena kayongo.

JE, KISU HUTAWANYA SARATANI?

Jibu fupi ni hapana. Wanawake wanaopimwa kwa sindano kabla ya upasuaji hawafi mapema kuliko wengine. Kinyume chake, kipimo hicho ndicho humwambia daktari ni saratani au siyo, na kama ni saratani, inategemea homoni au la. Madonge mengi ya matiti, hasa kwa wasichana, si saratani kabisa, na kipimo ndicho kinachoondoa hofu.

Kinachotawanya saratani ni muda. Kila mwezi unaopita ni nafasi kwa seli kuvunja ua, kuita mishipa na kuwarubuni majirani. Mtu akikatwa akiwa amechelewa kisha ugonjwa ukarudi, majirani hulaumu kisu kwa sababu ndicho walichokiona.

Na kwa sababu mbegu huenda ziliishatoka, upasuaji peke yake mara nyingi hautoshi. Mionzi hutolewa kusafisha shamba lililobaki, yaani titi na kifua. Dawa za kemikali za mshipani na vidonge vya homoni huzifuata mbegu zilizo mbali. Hayo si matibabu ya kumtesa mgonjwa bure.

MAMBO YANAYOUBADILI UDONGO

Hakuna aliye na kinga kamili, na wapo wanaougua bila kosa lolote lao. Hata hivyo, yako mambo yanayojulikana kuubadili udongo wa titi:

Unene baada ya kukoma hedhi. Wakati huo mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza estrojeni nyingi. Mazoezi, hata ya kutembea kwa kasi kila siku, husaidia.

Pombe. Hata kiasi kidogo huongeza hatari, iwe bia ya chupa, busaa au chang'aa.

Kunyonyesha. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba hatari hupungua kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 mama anayonyonyesha katika maisha yake.

Miaka ya mwanzo baada ya uzazi. Mama akiacha kunyonyesha, tishu za titi hujivunja na kujijenga upya, na kazi hiyo inafanana na ya kuponya kidonda. Saratani inayotokea katika miaka mitano hadi kumi baada ya kujifungua huwa na tabia ya kuenea zaidi. Kwa hiyo donge la mama anayenyonyesha au aliyeachisha mtoto lisisemwe daima kuwa ni maziwa yaliyoganda. Likikaa zaidi ya wiki mbili, lipimwe.

Matiti yenye nyuzi nyingi. Hali hii haijulikani kwa kupapasa bali kwa picha ya mamografia. Wenye nyuzi nyingi sana wana hatari mara 4 hadi 6 kuliko wenye matiti ya mafuta karibu matupu, na uvimbe nao hujificha katika picha. Wakati mwingine daktari ataongeza kipimo cha ultrasaundi.

UFANYE NINI?

Jipapase matiti kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, ili uyajue yalivyo. Nenda hospitali ukiona donge jipya titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, au kidonda kisichopona. Usingoje maumivu, kwani saratani changa mara nyingi haiumi. Wanaume nao wasipuuze: katika kila wagonjwa 100 mmoja hivi ni mwanamume.

Ukiambiwa ni saratani, uliza maswali mawili: je, kipande kilipimwa homoni? Na baada ya upasuaji, matibabu gani yatafuata na kwa muda gani? Uliza pia mapema ni gharama gani zitakazolipwa na bima ya umma ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, usije ukakwama katikati. Na ukiwa na vidonge vya homoni, usiviache bila kuzungumza na daktari wako, hata kama vinakuletea joto la ghafla au maumivu ya viungo. Mara nyingi dawa huweza kubadilishwa.

Yule mama wa Asembo aliondoka siku hiyo bila kukubali wala kukataa. Wiki moja baadaye alirudi akiwa na binti yake, akapimwa, kisha akapasuliwa katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wengi wa Kisumu bado huiita Russia. Tezi mbili za kwapani zilikutwa na saratani. Kama angefika miezi minane mapema, pengine zisingekuwa nayo. Alipata dawa za mshipani, akaenda kuchomwa mionzi, na sasa yuko katika mwaka wa tatu wa vidonge.

Siwezi kumwahidi kwamba ugonjwa hautarudi. Hakuna daktari awezaye. Lakini kila anapokuja kuchukua dawa huniambia, "Daktari, bado napalilia," nami humjibu aendelee.

Wiki ijayo tutazungumzia shinikizo la damu na chumvi tunayokula bila kujua.